Penseli ya kijani ya dirisha la tatu imekula mwaka wangu mzima

Wanajukwaa, salaam. Ninaandika nikiwa bado ndani ya gari kwenye maegesho ya chuo, mikono inatetemeka, na nikisubiri mpaka nifike nyumbani nitapasuka. Yule mtu wa dirisha la tatu, anayekagua kozi za wanaohamia chuo kikuu hiki, mnamjua. Kila aliyehamia hapa kutoka chuo cha jamii, yaani chuo cha umma cha miaka miwili, amewahi kusimama mbele yake na kuondoka amepungua kilo mbili, kwa hiyo sina haja ya kumtaja.

Leo amechukua transkripti yangu ya miaka miwili, ile orodha ya kozi na alama zake, akashika ile penseli yake ya kijani, akateremka nayo mstari kwa mstari, na alipofika kwenye kozi yangu ya takwimu, ambayo nilipata A, akaikata. Hakuuliza lolote wala hakuinua uso. Alisema tu kwamba hiyo wataipokea kama kozi ya kuchagua, kisha akaongeza neno lililonifanya nifungue uzi huu: "Kwani kule mlikuwa mnasoma nini hasa?"

Kule! Kule ni wapi? Kule ni chuo cha umma cha jimbo hilihili la California, kimoja kati ya vyuo vya jamii zaidi ya 100, na tangu Mpango Mkuu wa elimu ya juu wa mwaka 1960 jimbo limekuwa likiwaambia watu waanzie huko kwa ada nafuu, kisha wamalizie chuo kikuu. Mimi nilitii. Nilikuwa nikitoka zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee saa moja asubuhi, ninanawa uso kwenye choo cha chuo, na saa mbili kamili ninaingia darasa la takwimu huku mikono ikinuka dawa ya sakafu. Kozi hiyo ina yuniti 4, ndivyo wanavyopima uzito wa kozi, na kwa dola 46 kila moja ni dola 184, kabla hujanunua kitabu wala kikokotoo. Muhula mzima wa usingizi wangu umekatwa na penseli kwa nusu sekunde. Penseli ile ukiipeleka Rufiji, mamba watahama mto.

Tena sikwenda kichwa wazi. Kabla ya kujisajili niliitafuta kozi hiyo kwenye ASSIST, tovuti inayoonyesha kozi ipi ya chuo cha jamii inalingana na ipi ya chuo kikuu cha umma hapa California, nikachapisha ukurasa wake. Leo nilikuwa nao ndani ya bahasha. Nikaupitisha chini ya kioo, naye akaurudisha kwa ncha ya penseli, kama mtu anayesukuma mende aliyekufa, akisema makubaliano hayo ya vyuo ni ya mwaka mwingine. Ndiyo, ni ya mwaka mwingine, kwa sababu ndio mwaka niliosoma!

Kwenye barua wameandika kwamba yuniti zangu zote 60 zimepokelewa. Zimepokelewa kama mgeni anayekaribishwa sebuleni akakaa hadi magharibi bila kupewa hata maji: zimo kwenye jumla, lakini takwimu haihesabiwi kwenye fani yangu, lazima niirudie, na kozi zinazoidai kwanza hufundishwa mara moja tu kwa mwaka. Mwaka wangu umekwenda. Na bado ninalisikia lile neno. Mlikuwa mnasoma nini hasa!

Mkwezi: Pole sana, kaka. Mimi alinidai silabasi ya kozi ya uandishi, na nilipoileta akataka yenye mada za kila wiki. Mwalimu aliyenifundisha alikuwa amekwisha kustaafu na kurudi kwao. Penseli hiyohiyo, kijani hichohicho.

Bahari Haina Mlango: Mleta uzi, umetuandikia penseli mara nyingi kuliko takwimu yenyewe. Ofisi ya Uwajibikaji ya Serikali ya Marekani ilikadiria mwaka 2017 kwamba wanafunzi waliohama vyuo kati ya 2004 na 2009 walipoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao, yaani hizo yuniti, na wewe unalilia kozi moja. Umekwisha kuuliza kuhusu haki ya katalogi? Aliyesoma mfululizo kutoka chuo cha jamii anaweza kuomba ahitimu kwa masharti ya katalogi, kitabu cha masharti ya chuo, ya mwaka alioanzia huko. Toka kwenye gari, panda ghorofani kwa mkuu wa idara.

Mama Watatu: Afadhali wewe uliyefika dirishani. Binti yangu alichukua ile shahada ya miaka miwili ya kuhamia, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2010, tukaambiwa nafasi ni ya uhakika. Nafasi kapewa kweli, lakini kampasi yenyewe ni mwendo wa saa tano kwa gari. Nani atamtazama mtoto wake mdogo?

Mkwezi: Ndipo wanapotukamata, mama. Uhakika ni wa kuingia kwenye mfumo wa vyuo vikuu vya jimbo, si wa kuingia kampasi uitakayo.

Mleta uzi: Ndugu zangu, ninawaomba turudi kwenye lile neno alilonitamkia.

Mgeni wa Minnesota: Nyinyi mnalia mkiwa wenyeji. Mimi nimehamia California miezi miwili iliyopita, na chuo kimenipangia ada ya mtu wa nje ya jimbo, ambayo siiwezi hata nikiuza gari.

Mama Watatu: Ada ya wenyeji inataka uwe umeishi hapa mwaka mmoja na siku moja, mwanangu, tena uwe na ushahidi kwamba umekuja kukaa. Mkataba wa nyumba unao?

Mgeni wa Minnesota: Mkataba uko kwa jina la shemeji yangu, na bili ya umeme pia.

Mama Watatu: Basi anza na leseni ya udereva ya hapa, iwe ushahidi wako. Nenda leo, hawajafunga bado.