Tupeane uzoefu: siku zako za mwanzo kwenye simuleta ya ndege za kivita zilikuwaje?

Rubani wa Sebuleni (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Nianze kwa kujianika mwenyewe ili wengine wasione aibu. Wiki tatu zilizopita nilishusha simuleta ya DCS World, maana kuianza ni bure na unapewa ndege mbili bila kulipa: Su-25T ya Kirusi ya kushambulia vitu vya ardhini, na TF-51D, ile Mustang ya viti viwili isiyo na silaha. Nikachagua Mustang. Nilijiambia hii ni ya zamani, haina rada wala kompyuta, itakuwa rahisi. Mliopita huko najua mshaanza kucheka.

Jioni ya kwanza yote ndege haikusogea. Injini inanguruma, nimesukuma throto (mkono wa kuongeza nguvu ya injini) mpaka mwisho, mkia ukaanza kunyanyuka kama mtu anayetaka kusujudu, propela ikachimba lami. Nikaanza upya. Ikachimba tena. Siku ya tatu ndipo nilipofungua ukurasa wa vidhibiti nikakuta pedali zangu zinasomwa kinyume: nisipokanyaga, kompyuta inaona nimekandamiza breki zote mbili. Nikaweka alama ya kugeuza mhimili, yaani namna kompyuta inavyosoma mwendo wa pedali, kwisha. Huko huko nikakuta throto imepewa kazi mbili, ya kuongeza nguvu na ya kuinamisha pua, kwa sababu programu yenyewe huvigawia mihimili vifaa vyote inavyovikuta vimechomekwa. Hakuna aliyenidokeza.

Sasa inasogea. Inasogea mita mia hivi, inakata kushoto, inaingia kwenye majani. Kila mara kushoto. Haya, tiririkeni: nyie mlianzaje, mlianguka wapi, na nini kilikufungua macho?

Mzee wa Faili

Mkuu, karibu chamani. Hapo kwenye kushoto si wewe, ni propela. Ukiwa umekaa kitini, inazunguka kwa mwelekeo wa mshale wa saa, na upepo wake unajisokota kuzunguka mwili wa ndege hadi unapiga mkia ubavu wa kushoto. Mkia ukisukumwa kulia, pua inakwenda kushoto. Kabla hujaondoka zungusha trimu ya usukani wa mkia (kirekebishi kinachoushikilia upande mmoja) digrii 6 kulia, vuta joistiki nyuma ili gurudumu la mkia lijifunge, kisha throto iende kidogo kidogo huku mguu wa kulia ukifanya kazi. Mwenzio anayesukuma throto yote kwa mpigo hafiki popote.

Mimi nilianza na Falcon 4.0, mwaka 1998. Ilikuja kwenye boksi na kitabu cha maelekezo kilichofungwa kwenye faili nene la pete, kama la mhasibu. Nikakiweka kando, nikaingia moja kwa moja vitani na F-16. Niliuawa na makombora ambayo mpaka leo sijui yalitoka wapi. Siku nne namna hiyo. Ya tano nikakifungua kitabu nikiwa na hasira, nikasoma sura ya kutua tu. Wiki iliyofuata sura ya rada. Kilichonishika ni kwamba vita vya mle ndani haviningojei. Niruke nisiruke, vifaru vinasonga, madaraja yanapigwa, ndege za wenzangu zinaondoka kwa ratiba yao. Ile hali ya kuwa mtu mdogo ndani ya jambo kubwa sijaipata kwingine. Kuna watu waliendelea kuitengeneza, leo inaitwa Falcon BMS, na sharti uwe na nakala yako halali ya Falcon 4.0 ile ya zamani.

Ushauri wangu kwa wageni: ndege moja, miezi mitatu. Usiguse ya pili.

Bi Mabawa

Mimi nakubaliana na Mzee kwenye ndege moja. Ila nilijifunza kwa kupigwa.

Nilianza na IL-2 Sturmovik: Cliffs of Dover, vita vya anga ya Uingereza mwaka 1940. Nikachukua Spitfire kwa uzuri wake tu, sina sababu nyingine. Jioni moja nimemfuata Bf 109, ndege ya Kijerumani, niko nyuma yake kama mita mia mbili, nimeshaanza kuhesabu ushindi wangu. Jamaa akasukuma pua chini ghafla. Na mimi nikasukuma. Injini yangu ikakohoa, ikanyamaza sekunde moja, mbili, moshi mweusi, halafu ikashika tena. Nilipoinua macho hayupo. Dakika moja baadaye alikuwa nyuma yangu, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya mwisho kuona mawingu na bahari siku hiyo.

Nikadhani ni hitilafu ya programu. Nikaandika malalamiko marefu. Kumbe ndivyo ilivyokuwa kweli: injini za Merlin za Spitfire za wakati ule zilitumia kabureta, na ukisukuma pua kwa nguvu mafuta yanarukia juu, injini inakosa kunywa. Injini ya Daimler-Benz ya yule Mjerumani ilikuwa inapulizia mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, haijali. Marubani wa Kiingereza walikuwa wanageuza ndege tumbo juu kwanza, kisha wanavuta, ili mafuta yabaki mahali pake. Na aliyewapunguzia taabu hiyo ni mwanamke, mhandisi Beatrice Shilling, aliyebuni kijipete kidogo chenye tundu cha kubana mafuta. Kilianza kufungwa kwenye ndege mwaka 1941. Nilipolijua hilo nikafuta malalamiko yangu kimya kimya.

Tangu hapo nikizidiwa siulizi kwanza programu ina kasoro gani. Nauliza ndege yenyewe ilikuwaje.

Kibodi Tu

Mie sina joistiki. Nilianza War Thunder kwa kipanya: unaelekeza kiduara, ndege inajipeleka. Nilikuwa hatari! Nikahamia kwenye mapambano ya kisimuleta nikijiona komandoo. Kona ya kwanza ndege ikapinduka, ikaanza kuzunguka kama pia, ardhi hii hapa. Ikabidi nikubali kwamba muda wote ule aliyekuwa anarusha ni kompyuta, mimi nilikuwa abiria mwenye kuonyesha kidole.

Nauliza: ukishaanza kuzunguka vile unatokaje?

Bi Mabawa

Throto irudishe yote. Joistiki usiipeleke kushoto wala kulia, iache katikati. Kanyaga pedali ya upande ulio kinyume na unakozunguka, yote. Kisha sukuma pua mbele. Halafu, hapa ndipo wengi wanapofia, *subiri*. Mzunguko ukikoma rudisha pedali katikati na uvute polepole. Ukivuta kwa pupa unaanza upya na sasa huna urefu wa kutosha.

Mazoezi yake ni rahisi: panda mita elfu nne, ianzishe ndege mwenyewe izunguke hivyo, kisha itoe. Nilifanya hivyo jioni mbili. Hofu yote iliisha.

Shingo Ngumu

Hakuna aliyegusa macho bado, na ndiyo kitu kilichonibadilisha kuliko vyote. Miezi miwili nilikuwa naangalia huku na huku kwa kile kitufe cha kidole gumba juu ya joistiki. Adui akipita juu ya kichwa changu nilikuwa nampoteza wakati bado natafuta kitufe. Na kwenye mapambano ya karibu, ukishampoteza umekwisha, yeye hajakupoteza.

Nikasikia kuna TrackIR, kifaa kinachosoma mwendo wa kichwa kwa mwanga wa infraredi. Sikuwa nacho. Nikajaribu opentrack, programu ya bure, kwa kutumia kamera ya kawaida ya kompyuta inayosoma uso. Siku ya kwanza ilikuwa vurugu: nikipiga chafya ndege nzima inaangalia mkiani. Siri ni kupanga mikunjo, yaani picha igeuke kiasi gani kila kichwa kinapogeuka. Katikati weka sehemu tulivu, ili ukisoma vipimo au ukilenga shabaha picha isitetemeke. Kisha kadiri unavyogeuza kichwa ndivyo picha iende kwa kasi zaidi. Mimi nikigeuza kichwa kama digrii 25 hivi, mle ndani nimeshaangalia nyuma ya bega, na macho yangu bado yanaiona skrini.

Na taa. Usikae na dirisha nyuma yako, kamera haioni uso. Niliwasha taa ndogo mbele, matatizo nusu yakaisha. Mke wangu alisimama mlangoni siku moja akaniangalia muda mrefu namna ninavyopepesa kichwa mbele ya kompyuta, akaondoka bila kusema neno. Sijui alimwambia nani.

Nanga Chini

Jamani mnawatisha watu. Mtu ametoka kazini ana saa moja, mnamwambia habari za trimu na gurudumu la mkia! Mimi mwezi wa kwanza sikuwahi kuruka kutoka ardhini. Nilikuwa nafungua misheni za haraka, unaanza ukiwa tayari hewani, adui yuko mbele, mnapigana, mnakufa, mnaanza tena. Nikipenda kuona ndege inavyowashwa kwenye DCS nabonyeza vitufe vya Windows ya kushoto na Home, inajiwasha yenyewe nami nakunywa maji. Kuwasha ndege kama A-10C kwa mkono ni dakika kumi za kubonyeza. Ukianza na hiyo utachoka kabla ya kuona wingu.

Mzee wa Faili

Kijana, na ukishaishiwa risasi unarudi wapi?

Nanga Chini

Najirusha nje kwa parachuti, mzee. Ndege si yangu.

Mzee wa Faili

Haya, hiyo nimeikubali.

Fundi Vumbi

Upande wa mashine. Nilianza na kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 16 na diski ile ya kuzunguka. Misheni inafunguka, naenda kuoga, narudi bado inafunguka. Nikashika kichwa nikitaka kubadili kadi ya picha. Rafiki akaniambia anza na SSD, diski isiyozunguka. Kweli. Halafu RAM 32. Kadi ile ile ya zamani, lakini kule kukwamakwama kila nikiukaribia mji kukaisha. Kabla ya kununua chochote shusha kwanza vivuli na ubora wa maji. Maji yanakusaidia nini ukiwa juu ya milima?

Joistiki: niliuziwa iliyotumika, aliyeniuzia akaapa ni kama mpya. Ndege ikawa inalalia kulia yenyewe. Wiki nzima najilaumu mkono wangu, mpaka nikafungua dirisha la mihimili nikaona nukta inarukaruka wakati joistiki hata sijaigusa. Kihisi cha ndani, cha kusuguana, kilikuwa kimelika. Nikaongeza eneo mfu kidogo katikati, yaani sehemu ambayo mwendo wa joistiki hausomwi, nikaishi nayo mwaka. Kwa hiyo kabla hujamlaani rubani, iangalie ile nukta. Kama unanunua mpya tafuta zenye vihisi vya sumaku, hakuna kinachosuguana. Na kama huna pedali chukua joistiki inayojisokota, inatosha kabisa.

Kofia ya Macho

Mimi miwani ya VR. Dakika nane, jasho baridi, nikalala sakafuni. Nikaacha wiki. Nikarudi na dakika tano tano, feni inanipuliza usoni. Sasa nakaa saa mbili. Ukijisikia kichefuchefu vua hapo hapo, usijikaze, ukijikaza unakuwa umeufundisha mwili kuichukia.

Rafiki Adui

Ya kwangu ni fupi na bado inaniuma. Mara ya kwanza mtandaoni, seva ya watu wengi, kikundi kimenipokea vizuri, kiongozi ananielekeza kwa sauti kama mwanawe. Nikaona nukta mbele, moyo ukadunda, Sidewinder ikalia kwamba imeshika joto, nikaachia. Sauti ya kiongozi ikakatika katikati ya sentensi.

Kombora la joto halijui rafiki. Linafuata injini yoyote iliyo mbele yake. Nilitaka kuzima kompyuta nisionekane tena. Yule bwana akarudi hewani baada ya dakika tatu, akasema, "Shabaha nzuri. Sasa tufundishane kuuliza kwanza." Ndiye ninayeruka naye hadi leo.

Rubani wa Sebuleni

Wakuu, mrejesho. Trimu digrii 6, joistiki nyuma, throto kama ninamwamsha mtoto aliyelala. Imenyooka! Mguu wangu wa kulia unatetemeka hadi sasa. Nimepanda, nimezunguka uwanja mara mbili, nimeangalia kila kitu, hata bawa nimeliangalia bure tu.

Na nimetua. Ndege nzima, mimi mzima, panga za propela ndizo zimejikunja kidogo, zote nne.

Bi Mabawa

Hongera sana kaka! Panga zote nne? Magurudumu ulishusha?

Rubani wa Sebuleni

Swali linalofuata.