Fundi kasajili domeini ya kikundi kwa jina lake, sasa anatuuzia jina letu wenyewe

Wakuu, salamu baadaye, nimewaka.

Sisi ni wacheza gemu wa hapa Morogoro, tuko 15, tulianzia kwenye banda la PlayStation. Mwaka jana tukaona tuwe na tovuti: ratiba, msimamo wa ligi, fomu ya kujiandikisha. Kila mtu akatoa elfu 10, laki na nusu hiyo, tukamkabidhi fundi mmoja mwenye stesheneri mjini. Simtaji. Akipita hapa atajijua.

Jina lenyewe la tovuti, hiyo domeini anayoandika mtu ili atufikie, tulilibishania usiku tatu kwenye grupu. Mmoja anataka 7 mwishoni, mwingine anataka kistari katikati. Nikawauliza, mkiwa kwenye daladala mnamtajia mtu kwa mdomo mtasemaje? "Andika hivi, weka kistari, halafu saba ya tarakimu, siyo ya maneno"? Mtu keshashuka Msamvu zamani! Wengine wakang'ang'ania .gg, eti ndiyo ya magemu, kwa vile GG ("good game") ndiyo tunayoandikiana mechi ikiisha. Kumbe .gg ni ya kisiwa cha Guernsey, hawana habari na sisi, na bei yake kwa mwaka ni mara kadhaa ya .com. Mimi nilitaka .co.tz ya nyumbani, nikapigwa kura chini. Tukapita na .com, neno moja, herufi 9, kistari hakuna. Jina tamu kweli. Tukachapisha jezi 40, anwani mgongoni.

Jumanne nafungua saiti nakuta matangazo ya mikopo na viatu vya kike. Nampigia fundi, hapokei, baadaye anatuma voisi: "Dogo tulia, mwaka umeisha, leteni laki tatu na nusu niwarudishie."

Laki tatu na nusu! Verisign, hao wanaoendesha .com ya dunia nzima, mwaka 2024 walipandisha bei ya jumla ikafika dola 10.26 kwa mwaka. Kwa hela yetu haifiki hata elfu 30. Ongeza faida ya kampuni ya usajili, ongeza hostingi, yaani kodi ya kompyuta inakokaa saiti yetu yenye kurasa nne, ongeza na chapati zake za asubuhi, bado hiyo hesabu haiji.

Usiku nikaingia WHOIS, pale unapoangalia jina la tovuti limesajiliwa na nani. Pale kwenye mwenye jina limeandikwa jina la stesheneri yake. Sisi hatumo popote. Nimeitoa risiti aliyotuandikia kwa mkono, ninayo hapa mezani: "Malipo ya tovuti pamoja na jina lake, 150,000", muhuri wa bluu juu, sahihi imepinda kama mkia wa mjusi. Lakini kwa taratibu za ICANN, shirika linalosimamia majina ya tovuti duniani, mwenye jina ni aliyeandikwa kwenye usajili, siyo aliyetoa hela. Mwaka mzima tulikuwa wapangaji, na tunajiita wenye nyumba.

Nikamwomba kitu kimoja tu, ule msimbo wa kuhamishia, tukalipie wenyewe kwingine. Kampuni ya usajili inatakiwa iutoe ndani ya siku 5 mwenye jina akiuomba. Sasa mwenye jina si ndiye yeye? Kanitumia vikatuni vitatu vya kucheka, kisha kaniblock.

Na saa inakimbia. Ya .com ikiisha muda, kampuni inaweza kuishikilia mpaka siku 45, ikifutwa inaingia siku 30 za kuikomboa kwa faini, halafu siku 5 za mwisho ambazo hakuna wa kuigusa, kisha inarudi sokoni. Hapo wapo watu wenye programu za kunasa majina dakika hiyo hiyo. Yeye akinuna tu akakaa kimya, tumekwisha wote.

Kosa letu lipo, nalikubali kabla hamjanirukia. Mweka hazina wetu alisema mapema tufungue imeili ya kikundi, usajili upite humo, pasiwedi washike watu wawili. Tukamcheka, tukamwita bibi mkopo. Sasa kakaa pembeni hasemi neno, na kimya chake kinaniuma kuliko matusi.

Mwenye uzoefu aniambie: niiandikie moja kwa moja kampuni ya usajili niambatanishe risiti na meseji za M-Pesa, au niende polisi kwanza? Msiniambie nichukue jina jingine. Jezi 40 zimo kwenye kiroba chumbani kwangu na mashindano yanaanza Jumamosi ijayo, vijana wa Kihonda wanapiga simu kutwa kuuliza fomu iko wapi.

Na wewe wa stesheneri, voisi yako ninayo, sijaifuta.