Bia nyekundu ya shemeji imenishinda: uchungu huu ni kosa au ndivyo ilivyo? Wajuzi nisaidieni

BintiShambaZabibu

Habari za jioni wakuu.

Niko hapa Dodoma, mke wa mtu, kazi yangu ni kwenye kiwanda kidogo cha mvinyo. Kuonja ndiko kunakonilipa mshahara. Niwekee glasi ya Makutupora na ya Chenin Blanc nimefumba macho, tutaelewana. Sasa mwenzenu nimepatikana kwenye bia.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, anaishi Portland, jimbo la Oregon kule Marekani. Ana tabia ya kupika bia nyumbani kama kina sisi tunavyopika achari. Amekuja likizo na chupa sita za mkono wake, kazifunga kwenye masweta, zimepanda ndege hadi Dar, zikapanda treni ya SGR hadi hapa. Tatu ni za kioo cha kahawia, tatu za kioo cheupe kinachoonyesha ndani, maana anasema za kahawia zilimwishia. Kila moja ina selotepu imeandikwa kwa peni: Red Ale, 6.4%, IBU 55. Akirudi anataka kuipeleka kwenye mashindano, na familia nzima imeshamwambia "shemeji yako ndiye mwonjaji, mwulize yeye". Jumapili tunakula wote kwa mama mkwe na majibu yanasubiriwa mezani.

Jumatano nimetoka kazini nikafungua moja, nyeupe. Zilikuwa zimepangwa dirishani jikoni tangu zifike, hiyo moja nikaitia friji mpaka ikawa baridi ya kuuma meno. Nikamimina yote. Wakuu, ni mwarobaini! Uchungu ulinikaa kooni mpaka nasali kulala. Na kulikuwa na harufu fulani, mimi nikasema soksi, mume wangu akasema mpira unaoungua. Jana yeye kafungua ya kahawia na nyama choma yake, anasema dogo kapatia, tena kamaliza bila kuniachia hata tone. Sasa sijui mwenye ulimi mbovu ni nani.

Zimebaki nne, nyeupe mbili na kahawia mbili. Naomba kujua: uchungu ule ni kosa la mpishi au ndiyo aina yenyewe? Nikitaka kuipima kwa haki naanzia wapi? Na kama ni mbaya namwambiaje shemeji wa watu?

Nkuhungu Kwetu

Ngoja wajuzi waje. Nimekaa pale.

Mama Kisasa

Uzi wa pombe siku ya Ijumaa, mnatafuta nini jamani. Mwambie shemeji yako zabibu zipo Dodoma, apike jemu.

Baharia wa Bahi

Kosa la kwanza ni baridi. Sisi tunaoagiza "ya moto" baa mnatucheka, lakini bia ikishakuwa barafu unakunywa ubaridi tu, hakuna kingine unachosikia zaidi ya uchungu. Mengine sijui, mimi ni mnywaji tu.

Fundi Kimea

Dada, nimefanya kazi maabara ya kiwanda cha bia Dar miaka mingi kabla sijahamia Ihumwa kufuga kuku. Nikujibu polepole.

Uchungu kwenye bia hiyo si kosa, umewekwa kwa makusudi. Hizo IBU ni kipimo cha uchungu unaotoka kwenye hopsi. Laga nyepesi tulizozoea ziko kama kumi hivi, wewe umerukia hamsini na tano kwa siku moja, lazima koo lipige kelele. Hopsi ni maua ya mmea unaotambaa kama passion, unapenda nchi za baridi, na kwa Marekani unalimwa sana Washington na huko huko Oregon kwa shemeji yako. Ukiyachemsha muda mrefu, tuseme saa nzima, asidi alfa zake zinageuka kuwa uchungu, lakini mafuta yenye harufu nzuri yanapotea na mvuke. Kwa hiyo mpishi anaweka mengine dakika za mwisho, na mengine anayaloweka kwenye bia iliyokwisha kuchacha, hapo ndipo inapotoka harufu ya balungi na ya misonobari. Ukipita Sao Hill pale Mufindi siku wanayopasua mbao, ndiyo hiyo.

Wekundu unatoka kwenye kimea. Shayiri iliyokaangwa kwa namna ya karameli, wengine wanaongeza na kiasi kidogo sana cha shayiri iliyochomwa hadi nyeusi. Unatakiwa usikie sukari iliyoungua, labda zabibu kavu, halafu hopsi zije juu yake. Kimea kikizidiwa kabisa, yaani ukasikia uchungu peke yake, hapo mpishi kakosa mizani.

Lakini mimi kilichonishtua ni harufu. Chupa nyeupe, dirishani, jua la Dodoma. Dada, umewahi kukutana na kicheche usiku?

Nkuhungu Kwetu

Kicheche yule mwenye mistari? Bibi yangu Mpwapwa alikuwa na banda la kuku, usinikumbushe.

Fundi Kimea

Huyo huyo. Mwanga ukiipiga bia yenye hopsi, ule uchungu wa hopsi unavunjika na kushikana na salfa, inazaliwa harufu ya kicheche. Kiasi kidogo sana kinatosha kusikika puani. Kwenye chupa nyeupe juani ni suala la dakika, wala si siku. Kijani haisaidii sana, kahawia inazuia sehemu kubwa. Na bia ikiwa na hopsi nyingi kama hiyo ndivyo inavyoumia zaidi. Kwa hiyo huenda wewe na mzee hamkunywa bia moja. Zitoe dirishani leo hii.

Mtani wa Kondoa

Nimesoma mahali kwamba hopsi ni ukoo mmoja na bangi. Dada usije ukapata kesi Jumapili.

Fundi Kimea

Ukoo mmoja kweli, lakini ni kama wewe na binamu yako aliyeko jela. Hopsi hazina kile kinacholewesha kwenye bangi.

BintiShambaZabibu

Fundi ubarikiwe. Zimeshaingia kabatini. Sasa kesho naonjaje? Kwenye mvinyo nazungusha, nanusa, natema.

Fundi Kimea

Usiteme. Uchungu wa bia unaujua vizuri ukishameza, unapanda baadaye. Onja asubuhi, kabla ya mvinyo wowote, kabla ya pilipili, na mswaki uwe wa muda mrefu uliopita. Jumatano ulitoka kuonja mvinyo mwekundu kutwa nzima, ulimi ulikuwa umeshakauka.

Zisimamishe wima usiku kucha kwenye friji. Bia ya nyumbani inakuwa na mashapo ya hamira chini, ukimimina yote unakunywa na hamira. Acha kidole kimoja chupani. Ukiitoa friji iache dakika kumi mezani, joto la mwezi huu halihitaji zaidi, unataka iwe kama nyuzi 8 hadi 12 hivi.

Glasi! Ioshe, isuuze sana, usiifute na kile kitambaa cha jikoni. Lowesha ndani kwa maji: yakishuka kama shuka moja ni safi, yakibaki matone matone kuna mafuta, na mafuta yanaua povu.

Halafu mzee akumiminie glasi tatu wewe ukiwa nje. Mbili za chupa ya aina moja, moja ya aina nyingine, asikwambie. Kazi yako ni kutafuta iliyo tofauti. Ukiikosa, basi mimi na kicheche wangu tumekusingizia dirisha.

Nusa mara tu inapomiminwa, harufu ya hopsi haisubiri. Na zijue harufu mbaya zenyewe: siagi, tufaha bichi, mahindi ya kuchemsha, boksi lililolowana. Hiyo ya boksi ni ya bia iliyozeeka au iliyokaa joto, na kwa safari ile sitashangaa.

Mwl wa Chang'ombe

Naomba kutofautiana kidogo. Nilisoma Ireland miaka miwili, bia nyekundu ya kule ni laini kabisa, haina vurugu za uchungu. Huyo shemeji kakosea kwenye jina lenyewe.

Fundi Kimea

Mwalimu uko sahihi kwa ya Ireland, ile haifiki hata IBU 30. Wamarekani wana zao. Eli yao ya rangi ya kaharabu inacheza 25 hadi 40, na juu yake kuna nyekundu yenye hopsi za kutosha, 40 hadi 70, kilevi asilimia 5.5 hadi 7.5. Ya shemeji inakaa humo. Ila umenikumbusha jambo la maana: akiiandikisha mashindanoni kama nyekundu ya Ireland wataikata hata iwe tamu vipi. Majaji wanapima bia dhidi ya aina yake, hawapimi wanachopenda. Dada, hilo mwambie.

BintiShambaZabibu

MREJESHO. Saa nne asubuhi, watoto wako kwa bibi yao.

Glasi tatu mezani. Sikuhitaji hata kuonja. Ya katikati nilipoinusa nikarudi nyuma, soksi ileile. Mume wangu kanyanyua mikono: ya katikati ndiyo nyeupe. Kicheche kakamatwa.

Zile mbili za kahawia sasa. Nimeziinua mbele ya karatasi nyeupe, rangi ni ya rozela iliyochemshwa vizuri, na ukingoni inaelekea chungwa. Povu la rangi ya maziwa yenye chai, limekaa, kila nikinywa linaacha pete kwenye glasi. Nimenusa: ganda la balungi ukilikunja likarusha mafuta, halafu kwa chini kama sufuria ya kashata dakika moja kabla haijaungua. Nimekaa nimeduwaa. Hii ndiyo bia niliyoitukana Jumatano?

Nimemeza. Utamu wa kimea unakuja kwanza, uchungu unaufuata na kuusukuma, na ni uchungu msafi, unakaa nyuma ya ulimi. Huo sasa naukubali.

Lakini kuna kitu, na hapa ndipo kazi yangu ilinisaidia. Baada ya uchungu kupita, mashavu kwa ndani yanakauka na fizi zinakwaruza, kama umekula ndizi mbichi au umekunywa chai iliyosahaulika jikoni. Huo si uchungu, ni ukakasi! Uchungu ni ladha, ukakasi unaugusa mdomo. Kwenye mvinyo mwekundu tunautafuta, unatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, ila kwenye bia nahisi haualikwi. Nimerudia na glasi ya pili, upo. Fundi, ni mimi au?

Fundi Kimea

Ni wewe, na umenizidi. Wanywaji wengi wanaviita vyote "chungu" na kuishia hapo. Mwulize shemeji alisuuza kimea kwa maji ya joto gani. Maji yakipita nyuzi 77 hivi, hasa kama maji yenyewe ni ya magadi, maganda ya shayiri yanatoa ukakasi uleule wa maganda ya zabibu. Kama si hapo, aliloweka hopsi nyingi siku nyingi mno. Siagi hukuisikia?

BintiShambaZabibu

Nimeishika glasi mikononi ikapata joto, nikanusa tena. Hakuna siagi. Boksi lililolowana labda kwa mbali sana, siwezi kuapa.

Fundi Kimea

Basi mpe kwa alama, ndiyo njia isiyoleta ugomvi. Karatasi ya majaji wa BJCP, mpango wa kuthibitisha majaji wa bia huko kwao, ina alama 50: harufu 12, muonekano 3, ladha 20, hali yake mdomoni 5, na kwa ujumla 10. Ukimpa alama kila mahali na sababu yake hatasema unamwonea.

Baharia wa Bahi

Na uanze na rangi shem. Mpishi akisifiwa rangi anatulia.

BintiShambaZabibu

Jumapili usiku. Nimerudi kutoka kwa mama mkwe.

Nilimwita pembeni kabla ya chakula, mambo ya mezani mbele ya wazee nilikataa. Nikampa karatasi: harufu 8, muonekano 3, ladha 11, mdomoni 2, kwa ujumla 7. Thelathini na moja. Kasoma, kanyamaza, kidole chake kikasimama pale kwenye 2. "Shemeji, hapa mdomoni nimekukosea nini?" Nikamwambia ndizi mbichi. Akaanza kucheka. Anasema siku ile kipimajoto kilivunjika katikati ya kazi, akakadiria maji kwa mvuke tu.

Habari ya kicheche ndiyo iliyomuuma. Chupa nyeupe iliyobaki aliifungua palepale uani, akanusa, akaimwaga kwenye mgomba wa mama. Ya kahawia ya mwisho tumegawana watu watano kwa vikombe vya kahawa. Mama mkwe kaonja, kasema pombe ya uwele ya mama yake ilikuwa na heshima zaidi, akamalizia kikombe.

Asanteni sana wakuu, Fundi ukipita mjini kuna chupa ya Makutupora yako.

Fundi Kimea

Nitapita. Iweke kabatini.

Kijana wa Area C

Nimeona kichwa cha habari tu sijasoma comments. Dada weka barafu na ndimu, uchungu wote unaisha.