Akili mnemba imenipa shafti ya mm 25 kwa mashine ya alizeti, nikereze?

MchongajiKizota: Wakuu, salaam. Nina karakana ndogo hapa Kizota, Dodoma. Mteja wa Kibaigwa anataka mashine ya kukamua alizeti, mota ya kilowati 7.5, mizunguko 1440 kwa dakika. Nikaiuliza akili mnemba ukubwa wa shafti ya skrubu. Ikashusha hesabu safi, na herufi za Kigiriki juu: mm 18.5, kwa usalama weka 25. Sasa kuna mashine kuukuu imeletwa nitengeneze, nimepima kwa venia, shafti yake mm 65! Kijana wangu anasema chuma cha zamani kilikuwa dhaifu. Advansi nimeshakula.

TorkiKwanza: Weka hesabu tuione.

MchongajiKizota: Torki, yaani nguvu ya kuzungusha: 9550 × 7.5 ÷ 1440 = Nm 50. Mkazo ambao chuma kinaruhusiwa kubeba, MPa 40.

TorkiKwanza: Hiyo torki ni ya mota, mkuu. Skrubu yako inazunguka ngapi?

MchongajiKizota: 60, baada ya puli na giaboksi. Hilo sikuliandika…

TorkiKwanza: Basi gawanya kwa 60: Nm 1194 hivi, mara 24 ya ile. Kwa mkazo uleule inatoka mm 53, hapo hujakata njia ya ufunguo, ule mfereji wa kufungia gia, wala hujafikiria siku mbegu zitakapokwama ndani. Aliyeweka 65 alijua anachofanya. Fomula haina kosa. Fundi mwenzako angekuuliza mizunguko kwanza, hiyo akili mnemba ikajijibia.

Kijana_wa_CAD: Msiiponde yote. 2018 General Motors na Autodesk waliiachia kompyuta ibuni kishikizo cha kiti cha gari: vipande 8 vikawa kimoja, uzito ukapungua asilimia 40.

TorkiKwanza: Na kikachapwa kwa printa ya chuma. Kizota tuna grenda na mashine ya kuchomelea. Hicho kishikizo kina umbo kama mifupa, utalikata na nini?

MamaMashudu: Nakamua Singida mwaka wa tisa, shafti haijawahi kunikatikia. Kinachonimaliza ni beringi ya nyuma, ile inayobeba msukumo wa skrubu. Baba, hiyo umeiuliza?

MchongajiKizota: Sijaiuliza, mama. Nimeitajia 60, imeomba radhi na kutoa 53 ileile. Nakwenda kutafuta chuma cha 70. Bei niliyompa mteja ilikuwa ya 25, ngoja nimpigie kabla hajalala.