Mjadala: Filamu huru ya mapenzi ilazimishwe kuwa na mratibu wa sini za faragha?

Mleta mada
Msimamo wangu: filamu ya mapenzi yenye sini ya faragha (onyesho la kitandani au la uchi) isipewe fedha za mfuko wowote kama haina mratibu wa sini hizo, hata bajeti iwe ndogo namna gani. Mratibu ni mtu anayesimama kati ya mwongozaji na waigizaji. Anapanga miondoko hatua kwa hatua, kama inavyopangwa sini ya ngumi, na kila mguso unakubaliwa kabla kamera haijawashwa. HBO, kituo cha televisheni cha Marekani, ilianza kuwatumia 2018, na chama cha waigizaji cha Marekani, SAG-AFTRA, kikatoa mwongozo wake 2020. Wenye fedha wameshajilinda. Waliobaki nyuma ni wa filamu huru, zinazotengenezwa nje ya studio kubwa, na hao ndio wanaopenda hadithi za kijana anayejitambua kupitia penzi la kwanza, mara nyingi wakimtumia mwigizaji ambaye naye ni mgeni wa kazi. Mfano mnaujua: La Vie d'Adèle, filamu ya Kifaransa ya penzi la wasichana wawili, ilishinda Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la Cannes, 2013, kisha waigizaji wake wawili wakuu wakaeleza hadharani jinsi walivyoteseka wakati wa kurekodi. Kwa maelezo yao, sini moja tu ilichukua siku 10.

Mwongozaji
Mkuu, lengo nalikubali, sharti nalikataa. Filamu ya Anora ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 6, ikashinda Palme d'Or 2024 na Oscar ya filamu bora 2025. Mwigizaji wake mkuu, Mikey Madison, alipewa nafasi ya kuwa na mratibu, akasema hamhitaji. Mwongozaji Sean Baker na mkewe, ambaye pia ni mtayarishaji, waliwaonyesha waigizaji mikao wao wenyewe wakiwa na nguo. Mwigizaji mzima na akili zake akichagua hivyo, wewe nani umlazimishe? Pia sini ya mapenzi ikihesabiwa moja, mbili, tatu, inakauka. Mtazamaji anaona watu wanaokumbuka hatua badala ya watu wanaopendana.

Mleta mada
Neno la kushika hapo ni "alipewa nafasi". Kwanza ofa iwepo mezani, ndipo kukataa kuwe na maana. Msichana wa filamu yake ya kwanza, anayelipwa nauli na chakula, hawezi kumwambia mwongozaji "hapana" mbele ya watu 12 wanaotazama saa. Na hilo la kukauka sikubaliani nalo kabisa. Mwigizaji anayejua mkono wa mwenzake utaishia wapi anaacha kujilinda, na macho yake yanabaki huru kuigiza. Asiyejua utaona mabega yamekaza, na mabega yaliyokaza hayafichiki kwenye picha ya karibu.

Fundi sauti
Nyote mnazungumzia filamu kubwa. Njooni kwenye chumba cha mita 3 kwa 4. Mwigizaji hawezi kuvaa maiki ya kifuani, kwa hiyo lazima kuwe na mtu wa maiki ya fimbo ndani. Kiyoyozi kinazimwa kwa sababu kinanguruma kwenye sauti, madirisha yamefungwa ili mwanga wa nje usiingie. Baada ya dakika 15 kila mtu anatokwa jasho, na jasho linabandua plasta zinazoshikilia vitambaa vya kusitiri. Hapo ndipo mambo huharibika, kwa sababu kila mtu anaona haya kusema "imebanduka", teki (rekodi ya mara moja ya sini) inaendelea. Dawa yake haihitaji fedha nyingi:

- Taa za LED, hazitoi joto kama zile za balbu.
- Kiyoyozi kiwashwe kati ya teki, si mwisho wa sini.
- Plasta ibandikwe kwenye ngozi kavu isiyo na mafuta, na akiba iwepo mlangoni.
- Mto mwembamba au kipande cha sponji kati ya miili miwili. Kamera haikioni.
- Ndani wabaki watano: mwongozaji, mpiga picha, wa maiki, wa mavazi mwenye khanga mkononi, na msimamizi wa sini. Monita ya nje izimwe, simu zikusanywe.

Mtayarishaji
Umesema vizuri, ila umeruka karatasi. Kiambatisho cha mkataba kitaje sehemu za mwili zitakazoonekana, aina ya mguso, na picha zitatumika wapi. Mwigizaji akipate angalau saa 48 kabla, si asubuhi akiwa kwenye kiti cha vipodozi. Sentensi "tujaribu kitu kingine" ndiyo inayovunja makubaliano mengi. Sheria iwe rahisi: ambalo halipo kwenye karatasi halirekodiwi siku hiyo. Kuhusu gharama, naona tusilazimishe cheo, tulazimishe hatua. Dada wa mavazi aliyefunzwa anaweza kuifanya kazi hii ya mratibu, mradi mkataba wake uandike wazi kwamba ana mamlaka ya kusimamisha kamera na hatafukuzwa kwa kufanya hivyo. Bila kipengele hicho, yeye ni pambo tu.

Mhariri
Na baada ya kurekodi? Faili za sini hizo zihifadhiwe kwenye diski ya faili hizo tu, yenye nywila, nakala 2, zisichanganywe na nyingine. Trela isichukue hata fremu moja ambayo kiambatisho hakikuitaja. Halafu waandishi, jamani, si kila penzi lazima lionyeshwe kitandani. Kata picha pale mlango unapofungwa, fungua kwenye uso wa asubuhi. Kama hadithi ni ya mtu kujitambua, mabadiliko yako usoni.

Mwongozaji
Hatua nazikubali, cheo bado. Nina swali moja: mwigizaji akijiondoa katikati ya sini, na chumba kimekodiwa siku moja, hasara ya nani?

Mtayarishaji
Ya uzalishaji, na hupunguzwa mapema. Muswada uwe na toleo la pili la sini ile ile, wapenzi wakiwa na nguo au wakisikika tu nyuma ya mlango, na lirekodiwe kwanza. Linachukua kama saa moja. Usiiweke sini hiyo siku ya mwisho ya ratiba, wala saa za mwisho za siku. Iweke asubuhi, katikati ya wiki ya pili, waigizaji wakiwa wameshazoeana na bado kuna siku za kurudia.

Mwongozaji
Toleo la pili kurekodiwa kwanza, hilo nalichukua. Nitumie mfano wa kiambatisho.