Wakuu, kwa nini mapigano makubwa ya filamu za siku hizi hayakai kichwani?

Zuhura_B

Wakuu, salaam. Nina swali linalonisumbua tangu juzi, na nalileta kwa nia njema kabisa, si kwa kuponda kazi za watu.

Juzi nilitazama filamu mpya ya mashujaa na mdogo wangu wa miaka 15. Saa mbili na nusu: miji inabomoka, mbingu inapasuka, jeshi linamwagika kutoka kwenye tundu la angani. Hakupepesa macho. Kesho yake asubuhi nikamwuliza, stelingi alimshindaje yule adui? Akafikiri, akasema, "Alimpiga na ule mwanga." Mwanga upi? "Ule wa bluu." Aliutoa wapi? Hajui. Nilipojaribu kusimulia mimi, nikakwama palepale alipokwama yeye.

Jioni nikamwekea The Two Towers, ile ya 2002, filamu ya pili ya The Lord of the Rings. Nilitegemea atachoka mapema. Sasa tazameni kinachofanyika kabla ya vita ya Helm's Deep. Tunatembezwa ngomeni taratibu: ukuta mrefu wa mawe, lango na njia inayopanda kuliendea, mapango walimofichwa akina mama na watoto, na chini ya ukuta kitundu cha kupitishia maji. Tunaona wazee na wavulana wakivalishwa kofia za chuma zinazowapwaya. Legolas, mmoja wa mashujaa, anasema wao ni 300 dhidi ya 10,000. Mvua inaanza, matone yanagonga chuma. Kisha mzee mmoja aliyevuta upinde, mkono unamtetemeka, mshale unamponyoka na kumwangusha adui mmoja. Kimya. Hapo ndipo vita inapoanza.

Asubuhi nilimkuta mdogo wangu amepanga mito ya kochi sakafuni. Huu ukuta, hili lango, hapa ndipo baruti ilipoingizwa. Alinisimulia yote bila kuulizwa, mpaka yule mvulana ambaye shujaa Aragorn anampima upanga wake na kumwambia ni upanga mzuri.

Nisieleweke vibaya kwamba naabudu za zamani. Peter Jackson huyohuyo alirudi na The Hobbit, filamu tatu kati ya 2012 na 2014 kutoka kitabu kimoja tu, na vita ya mwisho ya ile ya tatu nimeitazama mara mbili bila kuweza kusema nani alisimama wapi. Mwongozaji ni yuleyule, ulimwengu ni uleule, na fedha hazikupungua. Basi ni nini? Kompyuta? Uhariri? Hadithi yenyewe? Nataka kujua hasa, kwa sababu nazipenda filamu hizi kwa moyo wote na inaniuma ninapotoka bila kitu.

fundi_mkasi

Dada Zuhura, umegusa kazi yangu. Nahariri video ili nile, si filamu kubwa, lakini maumivu ya mkasi nayajua.

Wengi watakujibu kwamba kosa ni kukatakata picha. Nakataa. Mad Max: Fury Road ya 2015 ina vipande takriban 2,700 ndani ya saa mbili, yaani kila kipande hakifiki sekunde tatu, na bado hupotei hata kidogo. Mwongozaji George Miller alimtaka mpiga picha wake, John Seale, aweke jambo muhimu katikati ya fremu. Jicho lako likiwa katikati kwenye kipande hiki, kipande kinachofuata linakuta jambo jipya limewekwa palepale. Halihangaiki kutafuta. Margaret Sixel aliyeihariri alikabidhiwa picha za saa 480 hivi azichuje, na Oscar ya uhariri aliyopata ilimstahili. Halafu angalia safari yenyewe: wanakimbia kwenda upande mmoja, wanageuka, wanarudi walikotoka. Mtoto anaweza kuichora kwa kijiti mchangani.

Kinachoua pambano ni kukata ili kuficha. Ngumi inarushwa kipande hiki, inatua kipande kile, katikati kamera inatikisika, na wewe unabaki kuamini kwamba mtu amepigwa. Mara nyingi mwigizaji hakupewa muda wa kujifunza kupigana, basi mhariri anaachiwa afunike. Nimewahi kufunika hivyo mwenyewe kwenye kazi ndogo, na kila nikiitazama najua nilichokificha.

Sasa weka Police Story ya 1985 kando yake. Jackie Chan anaruka kutoka ghorofa ya juu ndani ya jengo la maduka, anadaka nguzo iliyozungushiwa taa na kuteleza mpaka chini, balbu zikipasuka mikononi mwake. Ule mruko umeonyeshwa mara tatu mfululizo, kila mara kutoka pembe nyingine. Mikono iliungua kweli. Anayeficha kitu hakionyeshi mara tatu.

Au John Wick ya 2014. Chad Stahelski kabla ya kuongoza filamu alikuwa akimwigizia Keanu Reeves sehemu za hatari kwenye The Matrix, kwa hiyo anajua thamani ya mwili unaoonekana kuanzia utosini hadi unyayoni. Kamera inakaa mbali na kutulia. Risasi zikiisha unaona zimeisha, na unaona anavyobadilisha magazini.

Niongeze moja tu. Mtikisiko wa kamera si dhambi. The Bourne Ultimatum ya 2007 inatikisika mwanzo mwisho na nayo ilipata Oscar ya uhariri. Waliokuja nyuma yake ndio waliochukua mtikisiko wakaacha mpango.

Nuru77

Naomba kutofautiana nanyi kidogo, wapendwa, hasa pale kompyuta inapotajwa kama mshukiwa.

Crouching Tiger, Hidden Dragon ya 2000, wale wanaopigana juu ya mianzi walining'inizwa kwa waya, na kompyuta ndiyo iliyozifuta. Hiyo Fury Road inayosifiwa, mkono wa kushoto wa shujaa wake wa kike, Furiosa, unaokosekana umeondolewa na kompyuta. Gollum, kile kiumbe cha The Lord of the Rings, ni kompyuta, lakini chini yake yuko Andy Serkis aliyetambaa kwenye mawe na kulia machozi yake. Kwenye Helm's Deep yenyewe, yale maelfu ya askari yaliongozwa na programu iitwayo Massive, iliyotungwa kwa ajili ya filamu hizo, ambayo kila askari wa kompyuta "huamua" mwenyewe apige au akwepe. Kwa hiyo tuiache kompyuta ipumzike.

Mimi nasema kinachokaa kichwani ni nani anayeweza kuumia, na nani anamtazama akiumia. Chukueni Black Panther ya 2018. Ina mapigano mawili kati ya watu walewale wawili, mfalme T'Challa na mpinzani wake Killmonger. La kwanza ni kwenye maporomoko. T'Challa amenyweshwa dawa ya kumwondolea nguvu, amebaki mtu wa nyama na damu kama sisi. Mama yake yuko pale mwambani, anaona. Kila jeraha nililihisi. La pili ni mgodini, wote wawili wamevaa suti zisizopenyeka, gizani, wanaanguka kutoka juu sana na kuinuka. Ilinichukua muda kujua yupi ni yupi. Filamu ileile, mwongozaji yuleyule, Ryan Coogler. Tofauti ni kwamba mgodini hakuna anayeweza kuumia, mpaka treni inapopita na suti zinapozimika kwa sekunde chache. Sekunde hizo ndizo ninazozikumbuka. Na baada yake Killmonger anabebwa kwenda kutazama jua likizama, anakataa kutibiwa, na mimi nililia.

Na tuwe wakweli kuhusu uzuri wake pia. Ruth Carter alipata Oscar kwa mavazi yale, Hannah Beachler kwa mandhari, Ludwig Göransson kwa muziki. Göransson alikwenda Senegali kumfuata mwanamuziki Baaba Maal kwanza, ndipo akatunga. Filimbi ya Kifulani inayomtangulia Killmonger inakuambia huyu ni mtu wa kwenu aliyepotea, kabla yeye hajafungua mdomo. Kosa la mgodini halifuti hayo.

Mzee wa Panga

Nuru umesema kweli, nami nitaipeleka upande wa njozi.

Tazameni Pan's Labyrinth ya 2006, ya Guillermo del Toro. Binti Ofelia anaambiwa: ingia, chukua ulichotumwa, usile chochote mezani, rudi kabla mchanga wa saa haujaisha. Masharti yanaeleweka hata na mtoto. Anakula zabibu mbili. Yule kiumbe mweupe asiye na macho usoni anaamka, anajitia macho kwenye viganja, anaanza kumfuata. Hakuna jeshi wala mji unaoanguka. Ni ukumbi mmoja, meza moja, na mwigizaji Doug Jones ndani ya ngozi ya bandia. Moyo wangu ulikuwa mkononi.

Sasa niseme la kuwaudhi. The Return of the King, ya tatu ya The Lord of the Rings, ambayo mwaka 2004 ilishindania Oscar 11 ikazitwaa zote 11, ina kasoro ambayo sijaisamehe. Wapanda farasi wa Rohan wanashuka kilimani wakijua wanakwenda kufa. Mfalme wao Théoden anakufa chini ya farasi wake. Mpwa wake Éowyn anajikokota kwenye matope. Halafu mizimu ya kijani inashuka kutoka kwenye meli na kuufagia uwanja kwa dakika chache. Basi wale wote walikufa kwa nini, kama mizimu ingetosha? Ni mwanga wa bluu wa mdogo wako, Zuhura, ila huu una rangi ya kijani.

Mwisho niwakumbushe Die Hard, 1988. John McClane yuko peku. Adui anagundua yuko peku, anaamuru vioo vipigwe risasi. Baadaye tunamwona bafuni akijichomoa vigae vya kioo miguuni huku akizungumza kwenye redio na askari ambaye hajawahi kumwona. Kuanzia hapo kila hatua anayopiga nahesabu naye. Jengo moja, usiku mmoja, miguu miwili.

Zuhura_B

Asanteni sana. Mzee wa Panga, uliponiambia kuhusu mizimu nilikataa kabisa, nikaenda kuitazama tena ili nije nikupinge. Siwezi. Bado naipenda ile filamu kuliko karibu zote, lakini safari hii kijani kilipofika nilihisi kama mtu amenikata kauli katikati ya sentensi.

Nimefanya jambo lingine. Nimerudi kwenye ile filamu ya mwanga wa bluu, dakika ishirini za mwisho, nikiwa na maneno yenu kichwani. Stelingi anarushwa kupita kwenye majengo matatu na kuinuka nywele zikiwa safi. Lile tundu la angani sikuweza kujua liko upande gani wa mji. Kila kipande liko mahali pengine. Ule ufichaji aliousema fundi_mkasi nimeutambua sasa: ngumi ya mwisho kabisa imekatwa mara nne na haionekani ikitua.

Lakini kuna hili, na ndilo lililonirudisha hapa. Nilimwuliza mdogo wangu tena, safari hii si kuhusu vita. Nikamwuliza, kuna chochote unachokikumbuka? Akanisimulia neno kwa neno mazungumzo ya ndugu wawili kwenye ngazi, katikati ya filamu, kabla hawajaachana. Hayafiki hata dakika mbili. Nani alikaa ngazi ya juu na nani ya chini, mkubwa alishika nini mkononi, mdogo alisema nini kilichomfanya mkubwa asimjibu. Mimi nilikuwa nimeyasahau kabisa, nilikuwa nasubiri ngumi. Kumbe filamu ile ilikuwa na pambano lake, na watengenezaji wakaliacha pale kwenye ngazi na kwenda kupasua mbingu. Wangewarudisha wale ndugu wawili kwenye ngazi ileile mwishoni, nadhani leo tungekuwa tunaijadili kwa furaha.

Fundi_mkasi, mdogo wangu ameiona Police Story, ameurudisha ule mruko wa nguzo mara sita, na sasa anataka kuchora pambano lake mwenyewe. Aanzie wapi?

fundi_mkasi

Aanze na ramani, Zuhura, kama unaiangalia sehemu kutoka juu. Mlango uko wapi, ngazi iko wapi, taa iko wapi. Asimchore mtu yeyote kwanza. Kisha achague kitu kimoja kwenye ramani hiyo ambacho stelingi anakiogopa au hana budi kukifikia, akiweke mbali naye. Baada ya hapo aamue stelingi ataumia wapi mwilini, na kuanzia mchoro huo na kuendelea asimwache atumie kiungo hicho vizuri tena. Akichoka kuchora ngumi, achore uso wa anayetazama.

Akimaliza iweke hapa. Nitaihariri bure.