Naomba ushauri: ripoti ya Mwingereza inapingana na babu kuhusu ukoo wetu wa Hadhramaut

Mwana_Chumbageni
Asalaam aleikum wakuu. Naombeni ushauri kabla familia haijakutana.

Sisi ni Washihiri wa Tanga. Babu mzaa baba alishuka jahazini akiwa kijana, akauza kahawa mpaka akafungua duka. Jambo ambalo hakuchoka kulisema ni kwamba kwao Hadhramaut, kusini mwa Yemen, wao ni kabila, watu wa bunduki na jambia, si watu wa sokoni. Ami zangu wamenipa kazi ya kuandika kijitabu cha nasaba, nikaona nitafute na maandishi ya serikali. Nimeipata ripoti ya Harold Ingrams, ofisa wa Kiingereza aliyetoka Aden mwishoni mwa 1934 akalizunguka bonde la Hadhramaut na kuandika hali ya watu, uchumi na siasa zake. Watu amewapanga kwa tabaka: Masharifu juu, wakifuatiwa na mashekhe, kisha makabila yenye silaha, kisha wanyonge wa mijini na wakulima, na watumwa chini kabisa. Jina letu nimelikuta kwa hao wanyonge.

Nimemwonyesha ami mkubwa. Kavua miwani, kaifuta taratibu, kasema, "Hilo usiliandike." Sababu naijua: kuna posa ya dada yetu, na upande wa pili wanaulizia kufu, yaani kama nasaba zetu zinalingana.

Niandike au niache? Na huyu Ingrams anaaminika kiasi gani?

Mkorofi_Halali
Tupa huko. Mkoloni anakufundisha babu yako ni nani?

Mzee_wa_Baraza
Mkorofi, kutupa ni rahisi, ila mwenzio ana kazi ya kuandika.

Mwanangu, kabla hujauliza Ingrams kaandika nini, uliza alilala nyumba ya nani. Kule Tarim na Seiyun yeye na mkewe Doreen walikuwa wageni wa akina Al-Kaf, Masharifu wenye utajiri wa Singapore. Bonde zima kalisikia akiwa amekaa kwenye zulia lao. Sharifu akieleza nani ni nani, huanza kwa jina lake, na wa mwisho ni yule anayeleta chai. Sisemi kadanganywa. Nasema kapewa mpangilio unaoonekana ukiwa umekaa pale, na angelala kwa Bedui huko uwandani angeletewa mwingine.

Halafu ukoo mmoja ungeweza kuwa na watu wenye silaha bondeni na ndugu zao walioziweka chini wakahamia Mukalla au Shihr kufanya biashara. Babu yako na ripoti huenda kila mmoja anasimulia tawi lake.

Kumbukumbu_Unguja
Niongeze la huyo bwana mwenyewe, maana huku kwetu si mgeni. Alifika Zanzibar 1919 akawa ofisa wa wilaya Pemba, akajifunza Kiswahili, akawa anaandika mila na historia za visiwa. Akaondoka mwishoni mwa miaka ya 1920, akapita Mauritius, ndipo akapelekwa Aden. Kwa hiyo si yule mzungu wa kupita na kamera. Ni mtu aliyezoea kuuliza. Lakini aliuliza kama ofisa: serikali ilitaka kujua nani akitia sahihi atatiiwa na watu wake.

Hapo ndipo pa kutafutia jibu lako. Kilichompa jina ni sulhu ya 1937. Kwa msaada wa Sayyid Abubakar Al-Kaf, aliyetoa fedha zake nyingi humo, zilikusanywa sahihi zaidi ya 1,300 za wakubwa wa makabila kwamba hakuna kupigana kwa miaka mitatu. Angalia idadi: mtu aliyetegemea masultani wawili tu, Al-Quaiti wa Mukalla na Al-Kathiri wa Seiyun, asingehitaji sahihi zote hizo. Kila kijitawi cha kabila kilikuwa na mkubwa wake na visasi vyake.

Sasa fikiri: sahihi iliombwa kwa mwenye bunduki za kunyamazisha. Muuza kitambaa hakuombwa. Tafuta jina la mkubwa wa ukoo wenu kati ya waliotia sahihi. Likiwemo, ripoti ile ya mwanzo umeijibu kwa karatasi za Waingereza wenyewe.

Mafaili ya utawala wa Aden yako British Library, London, chini ya R/20. Kuanzia Aprili 1937 Aden ilipokuwa koloni chini ya Wizara ya Makoloni, tazama pia hifadhi ya taifa kule Kew.

Mkorofi_Halali
Sahihi za hiari hizo? Mwanzoni mwa 1937 vijiji vya kabila la Bin Yamani si vilipigwa mabomu na ndege za Waingereza?

Kumbukumbu_Unguja
Vilipigwa, kweli. Na wengine walitia sahihi baada ya kuona moshi. Haibadilishi kwamba aliyetafutwa ni mwenye silaha.

Pwani_ya_Sharjah
Nipo Ghuba mwaka wa kumi na kitu sasa, nawapa mfano wa huku. Ofisa wa Kiingereza alimtambua mkubwa pale alipohitaji mkubwa. Kalba, mji uliokuwa chini ya Sharjah, ilitambuliwa kuwa usheikh kamili 1936 kwa sababu ndege za Imperial Airways zilitaka uwanja wa kutua kwa dharura. Shida ilipokwisha, mwanzoni mwa miaka ya 1950 ikarudishwa Sharjah. Fujairah nayo ilidai haki yake muda mrefu bila kusikilizwa, ikatambuliwa 1952, kampuni ya mafuta ilipotaka mtu wa kusaini naye mkataba.

Kisha akaja kijana mmoja, Julian Walker, akazunguka milimani kuuliza kila kijiji kinamfuata sheikh gani na zaka kinampa nani. Mzee aliyeulizwa alijibu huku akijua nani anasikiliza na nani kaleta zawadi mwaka ule. Majibu hayo ndiyo mipaka ya leo. Ukiendesha kutoka Khor Fakkan, mji wa Sharjah, unaingia Madha, ambayo ni Oman iliyozungukwa na Emirati, na ndani ya Madha kuna Nahwa, ambayo ni Sharjah tena. Simu inakukaribisha Oman, hujamaliza kusoma ujumbe inakukaribisha Emirati.

Kwa hiyo ripoti isome ukiuliza ofisa alikuwa anatafuta nini mwaka huo.

Binti_Mvita
Mashehe wazima mnasoma mafaili, posa ya dada wa watu mmeisahau.

Mwana_Chumbageni, kaka yangu, tenganisha mambo mawili. Posa haisubiri London. Watu wa kuuliza kufu wataulizana kwa shangazi zao Mombasa na Lamu, na kijitabu chako hawatakifungua. Kijitabu nacho kisiende haraka kwa ajili ya posa. Andika alivyosema babu, kwa jina lake na mahali aliposemea. Chini yake andika alivyosema Ingrams, na mwaka. Usichague mshindi. Ila muhimu, usimpige ami chenga. Kitu akione kwanza kabla ya kupigwa chapa, la sivyo hata kikao hamtakaa.

Mwana_Chumbageni
Ahsanteni sana wakuu. Hilo la sahihi sikulifikiria kabisa. Nimempigia ami sasa hivi nikamuuliza nani alikuwa mkubwa wetu kule wakati wa sulhu ya Ingrams. Kanyamaza kidogo, akanitajia jina na kijiji, kisha akauliza picha za mafaili ya London zinalipiwa shilingi ngapi.

Mzee_wa_Baraza
Mwambie achangie yeye kwanza. Tunasubiri mrejesho.